Siku Tuliyoezua Mtaa wa Kamba

Mwaka huu nimeuweka mwiko chini. Magoti yamekataa ngazi, na jicho langu la kushoto linaniambia ukuta umenyooka wakati timazi inasema vingine. Nanyi mafundi vijana wa hapa Morogoro hamchoki kuniuliza juu ya zile nyumba za kule juu, kwenye machimbo ya ulanga: nani alizijenga, kwa nini mtaa mmoja umenyooka kama fimbo na mwingine umepinda kama utumbo wa mbuzi, na kwa nini milango ya mtaa ule ulionyooka haifanani. Nimeona ni heri niandike mara moja kuliko kujibu kila Ijumaa nikitoka msikitini. Habari za vyeo na mishahara nitaziacha. Waliopata wanajua walichopata.

Mimi ni mtu wa Bigwa. Nyumba ya mama yangu ilikuwa pale mlima unapoanza, na sisi watoto tulijua kulima mahindi na kukimbiza ngedere, basi. Wadachi walipokuwa wanajenga majumba yao ya mawe hapa mjini waliita mafundi kutoka pwani, na mmoja wao alikuwa Fundi Mbaruku wa Bagamoyo, mtu mfupi, mweusi tii, mwenye ndevu ambazo siku zote zilikuwa na chokaa, hata siku ya Idi. Nilikwenda kuomba kazi kwake kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa inatusubiri na sikutaka kwenda kubeba mizigo ya safari.

Siku ya kwanza alinipa chekeche na rundo la chokaa, akasema, "Chekecha." Nikaanza. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani, nami nilikaa mahali palipokuwa na kivuli, kumbe ni upande ambao vumbi lote linakuja. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yamevimba na sauti imekauka. Fundi Mbaruku akaja, akanitazama, akanimwagia maji usoni.

"Umejua sasa upepo unatokea wapi?" akaniuliza.

"Nimejua, fundi."

"Vizuri. Kesho kaa upande wa pili."

Ndivyo alivyofundisha kila kitu. Alinipa mwiko wake wa zamani ambao ncha yake ilikuwa imelika, na timazi aliyoiyeyusha mwenyewe kwa risasi. Alinifundisha kuonja udongo kwa ulimi ili kujua kama una chumvi, na kugonga jiwe na kusikiliza kama lina ufa ndani. Lakini jambo alilolisisitiza kuliko yote halikuwa la mawe. Kabla ya kuchimba msingi alikuwa akikaa kwenye kiwanja asubuhi nzima anakunywa kahawa na kutazama watu wanavyopita. Wadachi walidhani ni mvivu. Mimi pia, mwanzoni.

"Watu wakishazoea kupita mahali, usiweke ukuta pale," aliniambia. "Wataupita tu. Watauzunguka, watautoboa, watautia mikojo. Utarudi kuutengeneza mpaka uzeeke."

Nilikaa naye miaka mingi, mpaka nikawa naweza kuinua pembe ya nyumba bila yeye kuja kuikagua. Reli ilikuwa imeshafika na mji umechangamka, ndipo kampuni moja ya Wadachi ikaanza kuchimba ulanga kule juu Uluguru, upande wa kwenda Matombo. Wakamtaka Fundi Mbaruku. Yeye akautazama mlima, akatazama miguu yake, akasema, "Mimi ni mtu wa pwani. Kupanda huko ni kazi ya nyani." Akanituma mimi, kwa sababu, alisema, sisi Waluguru tuna undugu nao. Nilicheka, lakini nilipokuwa natweta kwenye ule mteremko na mfuko wa zana kichwani sikucheka tena.

Kwa wale ambao hawajauona ukiwa bado mwambani, ulanga ni jiwe linalotoka kwa kurasa. Unalipasua kwa kisu, linaachia karatasi nyembamba inayopitisha mwanga kama kioo, na haliogopi moto. Walituambia kwamba huko Ulaya wanauweka kwenye taa na kwenye majiko. Sisi tulichojua ni kwamba unang'aa. Ulikuwa unang'aa njiani, kwenye nywele za wanawake, kwenye ugali, kwenye kope za watoto. Ukifua kanzu na kuianika, inametameta kama ya bwana harusi.

Nilipofika hapakuwa na mtaa. Palikuwa na mashimo, mahema, na wachimbaji waliolala chini ya vibanda vya majani ya migomba. Nikaanza na ghala, maana Wadachi popote wanapokwenda huanza na ghala. Mawe mpaka kiunoni, juu yake matofali, paa la mabati, na mbao nzuri za msumeno zilizobebwa na wapagazi kutoka mjini. Baada ya ghala ikaja nyumba ya msimamizi, yenye baraza mbele na nguzo za mvule. Kisha banda la kuchambulia ulanga. Mwisho wa yote ndizo nyumba za wafanyakazi.

Msimamizi wetu tulimwita Bwana Kipenga kwa sababu ya ile filimbi iliyoning'inia kifuani mwake. Aliipuliza kwa kuanza kazi, kwa kumaliza kazi, na wakati mwingine, nadhani, kwa kusikia sauti yake tu. Kiboko kilikuwepo, sitasema hakikuwepo, na kilitumika. Lakini katika Wadachi niliowafanyia kazi, huyu alikuwa mtu wa kueleweka. Kilichoandikwa alikifuata, kisichoandikwa kilimtia homa. Na alipenda mstari ulionyooka kuliko chakula.

Siku ya kupima mtaa wa wafanyakazi alinipa kamba ndefu. Nikaifunga kwenye kigingi karibu na ghala, na yeye akaishika ncha ya pili akashuka nayo mteremkoni, moja kwa moja, bila kujali mahali palipobonyea wala palipoinuka. Kamba ikapita juu ya korongo, ikapita katikati ya kichaka, ikaingia kwenye shamba la migomba. Pale ikasimama, kwa sababu alitoka mwanamke mzima amefunga kaniki mpya na kuikanyaga.

Huyo ndiye Bibi Tabu. Mlima ule ulikuwa wa ukoo wao, na kwetu ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo neno lake pale lilikuwa na uzito. Kampuni ilikuwa imezungumza na akida wa serikali. Hakuna aliyezungumza na yeye.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamtajia mama yangu na ukoo wake. Akatikisa kichwa kidogo kuonyesha kwamba tumejuana.

"Basi mwambie huyo mgeni wako kwamba kamba yake inapita jikoni kwangu."

Nikamfasiria Bwana Kipenga, ambaye hakujua Kiluguru. Akasema mtaa lazima uwe na nyumba sawasawa kila upande, na mstari hauwezi kukatwa. Nikamwambia Bibi Tabu. Yeye akasema mstari hauna haja ya kukatwa, unaweza kuishia hapo hapo, na nyumba yake ikawa ndiyo ya mwisho. "Watu wenu wakae, sikatai. Kijito ni kile, kuni zipo. Lakini migomba hii ilipandwa na mama yake mama yangu. Na mwambie siku wakimaliza kuchimba wafukie mashimo, maana sisi tutakuwa bado tupo."

"Anasemaje?" Bwana Kipenga akauliza.

"Anasema ndiyo," nikajibu.

Ndivyo ulivyozaliwa Mtaa wa Kamba. Nyumba zake zilipangwa sawasawa, mlango kutazama mlango, kuanzia ghalani mpaka nyumba ya Bibi Tabu, ambayo ilikuwa ya zamani, ya miti na udongo, na haikulingana na yoyote. Wafanyakazi walioingia wengi wao walikuwa watu wa kuja: Wanyamwezi, Wasukuma, watu wa Kisaki, na Waluguru wa vijiji vya juu. Mtaa wa pili haukupimwa na mtu. Wanawake walipita kutoka nyumba zao kwenda kijitoni kwa njia waliyoona haiangushi ndoo, nami nilipokumbuka maneno ya Fundi Mbaruku nikajenga nyumba zilizobaki kandokando ya njia hiyo. Ndio ule uliopinda. Bwana Kipenga hakuupenda, lakini mvua ya kwanza iliposhuka maji yalikimbia katikati ya Mtaa wa Kamba kama mto, na kule kwenye njia ya ndoo watu walikaa wakavu. Tukachimba mitaro. Yeye akasema mitaro ndiyo iliyokuwa imekosekana, si kosa la mstari.

Banda la kuchambulia lilinisumbua kuliko majengo mengine. Lilikuwa refu, na wanawake walikaa humo mchana kutwa wakipasua ulanga kwa visu na kutenganisha ulio safi na wenye madoa. Nililijenga kama nilivyoagizwa, na madirisha machache madogo. Siku moja Zuhura, mke wa mchimbaji mmoja aliyeitwa Hamisi wa Kisaki, alinionyesha vidole vyake. Vilikuwa vimekatwakatwa.

"Fundi, humu ndani tunapasua kwa kupapasa," alisema. "Njoo ukae wewe."

Nikakaa. Nilipasua ulanga mpaka nikajikata, nikatoka nikaenda kwa Bwana Kipenga. Akasema dirisha kubwa humfanya mfanyakazi atazame nje. Tulibishana kwa adabu. Mwishowe nikaweka madirisha juu, chini ya paa, mapana, ambayo yanaingiza mwanga lakini huwezi kuona kitu ila mbingu. Kila mtu akaridhika. Mjengapo mahali pa kazi za mikono, mwanga uingie juu na kwa upande usiopigwa na jua kali. Zuhura tangu siku ile aliniwekea kiporo cha muhogo, na mumewe Hamisi akawa rafiki yangu.

Hamisi alikuwa anafanya kazi pangoni na Masanja, Msukuma mrefu ambaye alilazimika kuchimba kwa magoti. Mwanzoni ulanga ulichimbwa kwenye mashimo ya wazi. Ulipozidi kwenda ndani, wakaufuata kwa pango lililoingia ubavuni mwa mlima. Mwamba wa pale si mzuri. Una sehemu ngumu na sehemu zinazomomonyoka kama mkate wa jana, kwa hiyo pango lilishikwa kwa nguzo na boriti zilizokuwa zikiletwa na wapagazi kutoka bondeni. Hiyo haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa nyumba.

Masika moja mvua haikutaka kwisha. Daraja la miti la bondeni lilichukuliwa na maji, na wapagazi wakakwama upande wa pili. Ulanga ukajaa ghalani, chumvi ikaadimika, na miti ya pangoni ikaisha. Bwana Kipenga akaamuru kazi iendelee kwa uangalifu. Mimi sijui uangalifu hushika mwamba kwa namna gani.

Asubuhi moja, chai haijanywewa, nilikuwa naziba ufa kwenye ukuta wa banda. Sikusikia mshindo. Nilihisi ngazi yangu ikitikisika, basi, na wanawake wote ndani ya banda wakanyamaza kwa pamoja. Kisha filimbi ikalia, na haikuacha kulia.

Mdomo wa pango ulikuwa mzima, lakini hatua chache ndani dari ilikuwa imeshuka. Wachimbaji wengine walikuwa bado hawajaingia. Waliokuwa ndani ni Hamisi na Masanja. Mtu mmoja akagonga mwamba kwa nyundo, tukatega masikio. Kwa ndani, mbali, mtu akagonga akajibu.

Nyampara wa wachimbaji alikuwa Mnyamwezi mzima mwenye busara. Akaingia na taa, akatoka amejaa matope. "Tunaweza kuwafikia," akamwambia Bwana Kipenga, nami nikisikia. "Kifusi ni laini, kinatoka kwa jembe. Lakini kila tunachotoa, kingine kinashuka. Nataka nguzo, nataka boriti, nataka mbao za kuzuia ubavuni. Sasa hivi."

Miti haikuwepo. Msitu ulikuwa juu sana, na mti mbichi kuukata, kuuburura kwenye matope yale na kuuchonga kungekula siku nzima. Macho yetu sote yakaenda kwenye ghala, kwenye zile mbao nzuri za msumeno chini ya mabati. Bwana Kipenga naye aliona tulikotazama.

"Ghala haliguswi," akasema. "Ni mali ya kampuni. Lazima ruhusa itoke mjini."

"Mjini hakuna daraja, bwana," nikamwambia.

"Najua hakuna daraja!" Alipiga kelele, na uso wake ulikuwa mwekundu, lakini alikuwa ametazama chini. Sikuwahi kumwona ametazama chini.

Tukasimama pale kwenye mvua. Kule ndani mtu anagonga. Ndipo Bibi Tabu akaja akipanda kutoka mwisho wa mtaa, ameshika panga, mvua inamtiririka usoni. Alikuwa ameshaambiwa.

"Fundi," akaniita, "nyumba yangu ina mwamba wa mkarati, ule mti wa kileleni mwa paa, na nguzo za panda ambazo baba yako angezionea wivu. Njoo uezue."

"Bibi, mvua hii..."

"Mvua naiona. Mimi nitalala kwa mdogo wangu. Hao watalala wapi?"

Hao aliowasema hawakuwa watu wake. Mmoja Msukuma, mmoja mtu wa Kisaki, watu wa kuja ambao waliingia mlimani kwake kwa kamba ya Mdachi. Nikamfuata. Nyumba yake ilikuwa imefungwa kwa kamba za magome, kila kiungo. Tukapanda juu, tukakata kamba kwa panga, nyasi zikaporomoka, makombamoyo, zile fito ndefu zinazobeba nyasi, yakafuata, na ule mwamba wa kileleni ukashuka mikononi mwetu. Mtu angeweza kula chakula na asimalize kabla nyumba ile haijawa kuta tupu. Wanaume wakaubeba mwamba wakikimbia.

Baada ya hapo hapakuwa na haja ya kumwambia mtu. Mtaa mzima ukapanda juu ya mapaa yake. Mimi nikawa nakimbia nyumba hadi nyumba kuonyesha boriti ipi itoke kwanza ili ukuta usimwangukie mtu, na ipi imeliwa na mchwa isije ikapelekwa pangoni. Nikaona hapo jambo ambalo sitalisahau. Zile nyumba zangu, nilizozijenga kwa misumari mirefu ya kampuni na kujisifu kwamba tufani haitazitikisa, zilikataa kufunguka. Tulipiga kwa mashoka, tukang'oa kwa mitaimbo, boriti nyingine zikapasuka kwa sababu msumari ulikataa kuachia. Kila nyumba ilituchukua muda ambao ile ya Bibi Tabu ingeezuliwa mara kadhaa. Na kule kugonga kulikuwa kunaendelea, kisha kukawa kunapumzika, kisha kunaendelea.

Nguzo zilipoanza kuingia, nyampara akapaza sauti akitaka vitu vipana vya kuzuia kifusi ubavuni. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake. Akautazama mlango wake, akanitazama.

"Huu unafaa?"

"Unafaa, dada."

Akaushika mwenyewe upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaung'oa na bawaba zake. Akaubeba kichwani mpaka pangoni, hakutaka kusaidiwa. Nyuma yake wanawake wote wa Mtaa wa Kamba wakaja na milango yao, wamepanga mstari ulionyooka kuliko wowote Bwana Kipenga aliowahi kuupima.

Jua lilikuwa limeshapinda wakati nyampara alipotoka na kusema zimepungua nguzo chache tu. Mtaa ulikuwa umeisha. Bwana Kipenga, ambaye alikuwa ndani na wachimbaji muda wote akichota matope kwa karai, alipita mbele yangu bila kuniangalia akaenda nyumbani kwake. Tukasikia shoka. Nilipofika alikuwa anakata nguzo za baraza lake, zile za mvule, na baraza limeinama kama mzee anayetafuta ndala.

"Hii ni nyumba yangu," alisema. "Hii naweza."

Ghala halikuguswa. Ulanga ulikaa mkavu.

Jua halijazama walipomtoa Masanja. Alitoka kwa miguu, ameshikwa huku na huku, mrefu vile vile, na alipofika nje hakuweza kusimama wima kwa sababu alikuwa amekaa amejikunja siku nzima. Yeye ndiye aliyekuwa anagonga. Hamisi alikuwa ameangukiwa na jiwe la kwanza kabisa, na kwa maelezo ya Masanja, hakujua kilichompata. Zuhura alisimama mahali alipokuwa amesimama tangu alipoutua mlango. Bibi Tabu akaenda akamshika. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu sikuona zaidi ya hapo; nilikuwa nimeinama. Tulimzika asubuhi iliyofuata upande wa juu wa migomba, mahali alipopachagua Bibi Tabu.

Kwa siku kadhaa tulilala kwenye banda la kuchambulia, Mtaa wa Kamba wote, tumebanana, watoto wanakohoa, ulanga unametameta kwenye sakafu. Bwana Kipenga alinipa ruhusa ya kukata miti ya kampuni msituni kujenga upya. Akaniomba pia, kwa sauti ya chini, kwamba nianze na baraza lake kabla mkubwa wake hajaja kukagua. Nilianza na nyumba ya Zuhura. Baraza likawa la tatu, na mkubwa alikawia, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Milango ilipotolewa pangoni, baada ya miti mipya kufika na nyampara kuiweka mahali pa vitu vyetu, ilikuwa imechanganyika. Mingine ilikuwa imevunjika, mingine imepinda. Niliipanga nje ya banda nikawaambia watu waje kila mtu achukue wake. Wakaja, wakatazama, wakachukua uliokuwa karibu. Ndiyo maana ule mtaa milango yake haifanani na vizingiti vyake, na nyumba nyingine ina mlango mwembamba ambao nililazimika kuutilia kipande cha ukuta. Msijaribu kuisawazisha. Kuna fundi mmoja mwaka juzi alitaka kuisawazisha akafukuzwa kwa mchi.

Mtu pekee aliyedai chake ni Bibi Tabu. Alikwenda pangoni, akausimamisha mwamba wake wa mkarati, akaupapasa kukagua ufa, akasema urudishwe nyumbani. Masanja na wenzake wakaubeba. Mtu mmoja akamtania, akasema wengine wote wameacha vyao kwa moyo mkunjufu.

"Mimi nilitoa ili watu watoke," alisema Bibi Tabu. "Wametoka. Sasa nataka paa."

Masanja hakurudi pangoni. Aliniomba kazi, nikampa chekeche na chokaa, na nikamwacha akae upande wa vumbi asubuhi moja kama ilivyo desturi. Hakuwa fundi hodari. Kuta zake zilikuwa na tabia ya kuegemea, kwa hiyo nilimtia kwenye mapaa, na huko alikuwa mzuri sana kwa sababu hakuhitaji ngazi. Alimwoa Zuhura baada ya muda wa kutosha kupita, na watu waliosema, walisema wakachoka.

Tulikaa kule juu miaka, tukajenga msikiti mdogo, tukajenga duka, tukaongeza nyumba kwenye njia ya ndoo. Bwana Kipenga alihamishwa, akaja mwingine asiye na filimbi, na cha ajabu tuliikosa. Mimi nilirudi mjini kabla magoti hayajaisha kabisa, nikajenga hapa nyumba nyingi mnazozijua, nyingine kule Bigwa, na hii ninayokaa.

Sasa nimalizie kwa lile ambalo najua mnalisema nikiwa sipo, maana Masanja, aliyenifuata mjini, huniletea habari. Mnasema mzee alikuwa bahili wa misumari. Mnasema mapaa yake yamefungwa kwa kamba na vigingi kama ya wazee wa zamani, na kwamba mtu mwenye nyundo hana haja ya hivyo. Mmepanda juu ya nyumba zangu kutengeneza na mmeona wenyewe: boriti zimekaa kwenye panda za nguzo, kigingi kimoja, kamba, hakuna zaidi. Upepo umezijaribu na zipo. Lakini zikitakiwa kushuka, watu wawili wenye panga wanaweza kuzishusha, na mti ukafika chini ukiwa mzima.

Nyumba zote nilizozijenga tangu siku ile ziko hivyo. Wenye nyumba sikuwaambia sababu, na wao hawakuuliza.